Maziwa ya Matanga

Jumapili, 4 Mei

Chupa ya alfajiri. Chupa ya saa tatu. Chupa ya saa sita. Nachemsha maji, nachemsha chupa, nachemsha chuchu ya mpira, naanza tena. Vidole vimebabuka. Mtoto ananyonya macho wazi, kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

Leo siku ya nne dada Mastula hayupo. Alijifungua Alhamisi asubuhi, damu ikakataa kusimama, adhuhuri akafa. Kabla ya magharibi tulikuwa tumemzika nyuma ya shamba la mihogo, hapa hapa Midia. Mumewe ni askari, yuko kambini Karamoja, analia kwenye simu. Habuba, nyanya yetu aliyetulea sisi wawili, halii. Anafagia. Ameshafagia uwanja mpaka mawe yameanza kutokeza.

Kazi ya chupa nimepewa mimi kwa sababu mimi ndiye ninayesoma. Jirani mmoja alitaka kumnyonyesha mtoto, Habuba akakataa: watoto wakinyonya ziwa moja wanakuwa ndugu, na kijiji chetu chote ni watu wa kuoana. Basi Mjomba Rajabu akafuata maziwa ya kopo mpaka Arua kwa pikipiki, akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Akaniambia mbele ya watu wote, "Sabira, hii kazi yako. Soma vizuri."

Naandika hapa kitu ambacho sitamwambia mtu.

Jana niliacha kopo wazi. Niliporudi lilikuwa jeusi kwa sisimizi, juu mpaka chini. Nilimwaga yote chooni. Kisha nikarudisha kopo tupu juu ya kabati na kulifunga.

Tangu hapo mtoto anakunywa maziwa ya ng'ombe. Yapo tele. Mama Saidi wa jirani analeta dumu zima kila asubuhi kwa chai ya matanga. Nachota kabla wageni hawajaamka.

Jumatatu, 5 Mei

Nimefungua daftari la bayolojia. Muhula uliopita nilichora jedwali la madini ya mwili. Kalsiamu na fosforasi: hujenga mifupa na meno. Hupatikana katika maziwa. Mwalimu alitia alama nyekundu ya vema. Kwa hiyo sijakosea. Maziwa ni maziwa, na haya hata ni mazito zaidi.

Nimesoma mstari huo mara sita. 

Ningemwambia Mjomba tu. Maneno matatu. Lakini mdomo wangu haufunguki, umekuwa hivi tangu zamani. Kule shuleni Ediofe nikijua jibu nalinyamazia, mwingine analisema, anapigiwa makofi. Mastula ndiye alikuwa ananisemea. Dukani. Kwa walimu. Hata kwa Habuba.

Mtoto anatazama mlangoni. Mlangoni hakuna mtu.

Jumatano, 7 Mei

Akika, siku ya saba, siku ya kumnyoa mtoto. Amepata jina: Zaitun. Habuba alitaka aitwe Mastula. Mjomba akasema hapana, nani ataweza kuliita jina hilo kila asubuhi.

Wembe ulipogusa kichwa, kidevu chake kilianza kutetemeka, kisha mikono. Alikuwa halii. Wanawake wakacheka.

"Angalia, iko nacheza ngoma!" akasema Mama Saidi.

"Damu ya askari hiyo. Iko nasikia bendi."

"Wapi! Babu yake sajenti mzima, akiona wembe nakimbia."

Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nyumba ilicheka. Na mimi nilicheka. Niliushika mkono wake mdogo, ukatulia. Nikauachia, ukaanza tena.

Habuba hakucheka. Alikuwa anatazama mlango.

Alhamisi, 8 Mei

Wiki moja kamili. Asubuhi, saa ile ile aliyozaliwa.

Ulianza mguu wa kushoto. Mguu ukavuta mkono, mkono ukavuta mdomo. Macho yakaenda juu. Midomo ikawa rangi ya majivu. Nilikuwa nahesabu na sijui kwa nini nahesabu. Kisha ikaacha. Akanitazama, mzima kabisa, akatafuta chupa. Nikampa.

Nilimpa.

Habuba anasema ni Mastula. "Nakuja kuchukua mutoto yake. Kaburi hapana tosha kwake, nataka mutoto." Akateremsha leso zote za Mastula kwenye kamba, akazifungia guniani. Halafu akaenda kaburini. Nilimsikia nikiwa jikoni, sauti ile anayofukuzia mbuzi: "Rudi! Lala! Hii mutoto hapana yako tena!"

Mastula hajawahi kuchukua kitu cha mtu. Hata penseli yangu aliiomba.

Lakini naandika na hili. Jioni nilikuwa jikoni nachemsha, nikanusa mafuta yake ya nywele, yale ya nazi. Karibu kabisa, nyuma ya shingo. Najua kilichomo ndani ya chupa, na bado naogopa kugeuka.

Ijumaa, 9 Mei

Degedege tatu kabla ya sala ya adhuhuri. Mjomba alitupakia kwenye pikipiki mpaka hospitali ya Koboko, Habuba katikati na mtoto, mimi nyuma. Koboko wakasema huenda ni pepopunda, kitovu kimeingia uchafu. Wakatupeleka Arua kwa ambulensi.

Tulipita njia panda ya kwenda Ediofe. Nilitamani kushuka niwe mwanafunzi tu.

Jumamosi, 10 Mei

Wodi ya watoto. Malaria hakuna. Sukari iko sawa. Pepopunda wameikataa, kwa sababu mtoto wa pepopunda taya hukaza, hawezi kunyonya, na Zaitun ananyonya. Dawa ya degedege inamlaza. Akiamka anatetemeka tena. Mlango ukijigonga, anaruka mwili mzima.

Daktari ni kijana, si wa huku. Kiswahili chake kinachechemea. Akauliza, "Mtoto anakula nini?"

Habuba akajibu haraka. "Maziwa ya kopo, Daktari. Iko natoka hapa hapa Arua. Hii musichana ndiyo nasoma, ndiyo nachanganya. Yeye nasoma Ediofe!"

Alisema kwa fahari. Alinishika bega. Daktari akaandika, nami nikautazama uongo wangu ukiingia kwenye faili kwa kalamu ya bluu.

Nimekuja na maziwa ndani ya thamosi; yakiisha nanunua mengine langoni. Sista aliniona namimina, akadhani ni ya kopo, yameshachanganywa.

Mimi ni mtu mbaya. Nimeandika hivyo nione kama mkono utakataa. Haukukataa.

Jumapili, 11 Mei

Degedege ya leo ilikuwa ndefu. Ilianza baada ya chupa ya asubuhi, haikutaka kuisha. Akaacha kupumua. Sista akaja na ule mpira wa kupumulia, akamfunika uso mzima, anaminya, anaminya. Habuba alipiga magoti kando ya kitanda, na hakuwa anamwomba Mungu. Alikuwa anamwomba Mastula. "Mwanangu, niachie hii moja. Wewe chukua mimi. Hii niachie."

Kumsihi Mastula kama mtu anavyomsihi mwizi.

Zaitun alipovuta pumzi, nilimfuata Daktari mezani kwake.  Nikasema kwa Kiingereza. Si maziwa ya kopo. Ni ya ng'ombe. Siku nane sasa.

Aliweka kalamu chini. "Bila kuongeza maji?" Bila. "Kila mara?" Kila mara.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliinuka haraka, akatoa damu ya kupima, lakini hakungoja majibu. Akamwambia Sista alete kalsiamu.

Niliona yote. Dawa iliingia kwenye mshipa wa kichwani, tone kwa tone. Sista anasukuma bomba la sindano, Daktari ameweka chombo cha kusikilizia moyo kifuani na kidole chake kinagonga kitanda kila moyo unapopiga. Ikienda haraka, moyo unaweza kusimama. Ikitoka nje ya mshipa, inaunguza nyama. "Polepole," anasema. "Simama. Haya, endelea." Kidole kinagonga. Mimi nimeuma kucha mpaka damu.

Kutetemeka kukakatika. Kama mtu amezima jenereta. Ukimya ule sijawahi kuusikia.

Habuba akatazama dari na kusema, "Ameenda."

Alikuwa anamsema Mastula. Sikumsahihisha.

Jumatatu, 12 Mei

Majibu yamekuja. Kalsiamu ya damu iko chini sana. Fosforasi iko juu sana.

Daktari alinieleza kwa Kiingereza, akanichorea pembea ya watoto, upande mmoja juu, mwingine chini. Maziwa ya ng'ombe yana fosforasi ya kumtosha ndama. Figo za mtoto wa wiki moja haziwezi kuitoa yote. Inajaa kwenye damu, na ikijaa inaishusha kalsiamu. Kalsiamu ikishuka, neva zinaruka zenyewe bila kutumwa.

Nikauliza. Mimi, nikauliza. Si maziwa yana kalsiamu?

Akasema yanayo, nyingi. Taabu ni kile kinachoingia pamoja nayo.

Daktari ametaka Zaitun apate maziwa ya binadamu. Kitanda cha pili yuko Mama Furaha, mfanyabiashara kutoka upande wa Kongo, mwanawe ana nimonia. Akanyoosha mikono, akimwita Habuba Koko, yaani bibi. "Lete, Koko. Mutoto ni mutoto. Yangu iko mingi, inamwangika bule."

Habuba alimpima kwa macho, juu chini. "Wewe nakaa wapi?"

"Aru, Koko. Ngambo ya mupaka."

"Haya. Uko ni mbali. Hapana mutu yetu naoa huko." Akampa.

Mama Furaha alicheka mpaka titi likamponyoka mtoto.

Alhamisi, 15 Mei

Siku ya nne bila degedege. Jumamosi tunarudi, na dawa ya kalsiamu ya kunywa, na kopo jipya. Anazidi kunenepa mashavu.

Habuba anawasimulia wodi nzima namna alivyomshinda marehemu. Kila akisimulia, Mastula anazidi kuwa mbaya. Leo Mastula alikuwa na kucha. Tukifika nyumbani leso zake zitachomwa, na jina lake halitatajwa mpaka mtoto atembee. Wanawake wanaitikia. Mmoja akasema, "Maiti wengine ni choyo."

Mtoto amepona na mimi nalala vibaya kuliko wakati anatetemeka. Zamani nilikuwa naogopa kwamba Mastula amesimama nyuma yangu. Sasa naogopa kwamba hayupo, na hakuna wa kumtetea isipokuwa mimi.

Zaitun atakua akijua mama yake ni kitu cha kufukuzwa.

Kwa Kiingereza nilisema kama najibu mtihani. Kwa Kiswahili nitasemaje?

Jumamosi, 17 Mei

Nimesema.

Tulipofika, Habuba hakuketi. Alivuta gunia hadi uwanjani, akamwaga leso, akashika kiberiti. Mjomba alikuwa anaingiza pikipiki. Zaitun alikuwa mgongoni kwangu.

Nilisema, Habuba, si Mastula. Ni mimi. Kopo liliingia sisimizi siku ya tatu, nikamwaga, nikampa mtoto maziwa ya ng'ombe, ndiyo yaliyomtia degedege. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi niseme mara ya pili. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Mjomba alizima injini.

Habuba aliuliza, "Daktari najua?"

Anajua.

"Tangu lini?"

Jumapili.

"Mimi iko hapo. Mimi iko napiga magoti hapo." Kisha, taratibu, "Wewe nasema kwa Kiingereza."

Hakuwa anauliza. Nilingoja anipige. Ningefurahi. Aliweka kiberiti mfukoni, akashika njia ya shamba la mihogo. Sikumfuata. Nilitega sikio nisikie anavyofoka, sikusikia kitu. Alikaa kule mpaka alasiri. Aliporudi magoti yake yalikuwa na udongo, na macho yamevimba. Mwishowe amelia.

Mjomba aliniuliza neno moja tu. Kwa nini sikumwambia? Angepanda pikipiki siku ile ile, angerudi Arua.  

Jumanne, 20 Mei

Mvua tangu alfajiri. Zaitun amekunywa, amepata dawa yake. Hatetemeki.

Habuba haongei nami zaidi ya "lete" na "weka". Chupa anatengeneza mwenyewe. Mimi nasimama kando namsomea vipimo kwa sauti, kila mara, hata akiwa ameshavikariri. Jana Mama Saidi alianza ile hadithi ya maiti mwenye choyo. Habuba akamwambia nyamaza, kunywa chai.

Leo asubuhi aliniita chumbani. Akaniwekea mtoto mikononi, akasukuma kiwiko changu mpaka kichwa kikae vizuri.

"Mimi nalala kidogo. Kama iko natetemeka, hapana fikiri. Ita."

Akajinyoosha kitandani, akageukia ukuta. Mvua inapiga bati. Nilidhani ameshalala.

"Mastula pia alikuwa nalala hivyo," akasema. "Mudomo wazi."

Nikamtazama Zaitun. Ni kweli.

Nimekaa hivyo mpaka adhuhuri. Mkono ulikufa ganzi. Sikuusogeza.