Nyuma ya Shuka

Jumamosi, 4 Agosti 1956. Jinja.
Gwaride, chai, doria ya soko. Viatu vipya bado vinanibana. Jioni gari la sinema likaja uwanjani. Mabenchi ya mbele yamejaa mabwana na familia za wenye maduka, sisi askari tukakaa nyuma ya shuka la kuonyeshea picha. Picha inapenya, unaona vizuri tu. Kwanza sabuni, kisha kilimo cha pamba, kisha michezo ya Ulaya. Mruka juu mmoja! Hakati miguu kama mkasi, tunavyoruka sisi. Anakuja taratibu, anakanyaga mguu wa kulia, anajilaza kifudifudi juu ya ufito na kuuviringia, kama mtu anayegeuka kitandani. Hakuugusa hata kidogo. Niliguna kwa sauti. Kifuani ana maandishi nisiyoweza kuyasoma. Lugha ya kwao.

Jumatatu, 6 Agosti.
Nimeanza kumfundisha Okurut, konstebo wangu, Mteso. Kwa mkasi tu anaruka kimo cha kidevu changu. Majaribio ni Mbale mwezi ujao, na mshindi anapelekwa kushindana ng'ambo. Goti langu lilikufa zamani. Yake mazima. Huondokea mguu wa kushoto; nimemwambia auache. Mabingwa wanaondokea wa kulia, nimeona kwa macho yangu.

Alhamisi, 23 Agosti.
Kujilaza amekushika. Mabega yanageuka vizuri hata natamani kupiga makofi. Kimo ndicho kinapungua. Leo kasema, "Afande, mguu hii nasikia haiko yangu." Nikamkaripia. Haba na haba hujaza kibaba. Akarudi kuruka.

Jumatano, 5 Septemba. Buwenge.
Nimetumwa kulinda sinema siku ya soko. Mara hii nilisimama mbele ya shuka. Picha ileile. Maandishi ya kifuani yamenyooka, nayasoma kama gazeti. Na mguu ni wa kushoto. Kushoto! Ukikaa nyuma, kila kitu kinageuka. Niliyaona maandishi yale, nikasema lugha ya kwao. Mpumbavu mimi.

Ijumaa, 7 Septemba. Mbale.
Tumefikia kwa binamu wa Okurut, mtaa wa Namakwekwe. Sijamwambia. Nimefungua mdomo mara tatu. Nikisema sasa, kesho miguu yake itabishana. Nisiposema, anaruka na ule usio wake. Yeye anajipaka mafuta magotini na kuimba. Namwonea huruma. Naogopa.

Jumamosi, 8 Septemba.
Ameangusha ufito mara tatu. Kimo ambacho mwezi wa sita alikiruka akicheka. Mara ya mwisho alisita, nikauona mguu wa kushoto unavyotaka kwenda. Mimi nimesimama tu na sweta lake mkononi. Anayekwenda ng'ambo ni askari jela mmoja, kwa mkasi.
Okurut kaja, kapiga saluti. "Asante, afande. Wewe ulifundisha muzuri. Ni mimi nilishindwa."
Nikampa sweta lake.

Jumamosi, 13 Oktoba. Jinja.
Mvua asubuhi, gwaride fupi. Gari la sinema limerudi. Watu wachache, benchi zima la mbele tupu. Okurut akaliendea. Nikamshika mkono, nikamwambia nyuma kuna upepo. Tukakaa nyuma ya shuka. Mruka juu akaja, akajilaza, akavuka. Okurut akaguna kama nilivyoguna siku ile.
"Kweli, afande," akasema. "Ni ya kulia."
Nikasema ndiyo.