Pipa la Babu

Jumatatu, 18 Agosti

Pipa limejaa. Tumemaliza kuponda kabla jua halijawa kali. Mikono zambarau hadi viwikoni, na haitoki kwa sabuni. Nyuki wengi kuliko mwaka jana. Nyuki wa huku Itigi hawana adabu, wanataka hata kuingia mdomoni.

Zabibu zilizomo pipani ni za Babu. Alikuja na vijiti vyake toka Italia vimefungwa kwenye gunia bichi, na mbao za pipa akazileta kwa treni, maana alikuwa seremala wa mapadri. Zabibu ndogo, nyeusi, kali. Zile nyekundu za hapa tulitangulia kuzivuna, mvinyo wake umeshatulia kwenye tangi la plastiki, umefungwa. Ule wa hapa peke yake ni laini, hauna mgongo. Wa Babu peke yake unakunja uso. Ikichanganywa ndiyo mvinyo wa kwetu. Babu alianza kuchanganya kwa sababu ya Bibi, Mnyaturu wa Ikungi, aliyeutema ule mkali mbele ya mapadri. Hatujabadilisha hadi leo.

Baba ameonja maji ya pipa akaguna. Kuguna kwake ndiyo sifa. Miguu yake imevimba tena. Ya hospitali hataki kusikia.

Jumatano, 20 Agosti

Pipa linachemka bila moto. Maganda yamepanda juu, mazito kama ugali uliolala. Kuyasukuma chini asubuhi, mchana, jioni. Yakiachwa juu yanakauka, nzi wanaingia, na mvinyo chini yake unageuka siki. Hakuna utaalamu mwingine. Kazi ya punda.

Hamisi, mfanyakazi wetu tangu nikiwa msichana, amesukuma asubuhi. Mwislamu, hajawahi kuonja hata tone. Mimi mchana na jioni. Mgongo unawaka. Baba kwenye kiti, anatukosoa wote wawili. Nimemwambia anyamaze. Amecheka mpaka akakohoa.

Alhamisi, 21 Agosti

Baba ameanguka. Alikuwa amesimama kando ya pipa, fimbo mkononi, akaenda chini taratibu kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Tumemfikisha hospitali kwa bajaji. Upande wa kushoto hausikii. Maneno yanatoka yamepinda ila yanaeleweka.

Alichoniuliza kwanza: nani anasukuma? Nikamwambia Hamisi. Akatulia. Halafu akanieleza tena habari ya kifo cha Babu, kwamba ilikuwa wakati wa mavuno kama sasa, na yeye hakutoka pipani, na mvinyo wa mwaka ule haujapata mfano. Hadithi hiyo naijua kama Baba Yetu. Leo ameiongezea mkia. "Nikienda, mlie na kazi iendelee." Nikamwambia haendi popote. Muuguzi alikuwa ametoka. Tulikuwa wawili tu.

Ijumaa, 22 Agosti

Baba amekufa alfajiri.

Siwezi kuandika.

Jumamosi, 23 Agosti

Watu wamejaa uani. Maturubai, sufuria za kuazima, kuni. Shangazi Rozina amefika jana kabla hata ya maji ya chai kuchemka. Ni dada wa Baba, wamezaliwa wawili tu, ameolewa vijiji viwili kutoka hapa. Mlokole, pombe hajaigusa maisha yake. Ameingia na kushika nyumba yote. Nani apike, nani akalale wapi, nani asiongee sana.

Baba yuko mochwari, anamngoja Silvano. Kaka yangu ni dereva wa malori, na lori lake limekwama kwenye foleni ya mpaka wa Kongo. Bila yeye hakuna maziko. Na Shangazi ametangaza: hakuna mkono utakaogusa kazi ya shamba mpaka Baba azikwe, tanga lianuliwe, na Silvano ashike jembe wa kwanza. Wazee wakaitikia. Hata Hamisi ameinamisha kichwa.

Nimewaambia maneno ya Baba. Mzee mmoja akauliza nani mwingine aliyasikia. Hakuna. Basi. Mimi ni mwanamke niliyeachika nikarudi kwa baba yangu, neno langu halijazi kijiko.

Toka jana asubuhi maganda hayajasukumwa.

Jumapili, 24 Agosti

Nimeamka kabla ya watu, nimeingia ghalani peke yangu. Maganda yamekuwa magumu juu kama mkate. Nikasukuma. Nikalia na kusukuma, hivyo hivyo alivyosema. Harufu bado nzuri. Nimetoka nikiwa na nafuu kwa mara ya kwanza toka Ijumaa.

Nikasahau mikono. Nimegawa chai ya waombolezaji na mikono ya zambarau mbichi. Mama mmoja akaangalia kikombe, akaniangalia, akakiweka chini. Baada ya hapo walikuwa wanapokea kwa ncha za vidole.

Shangazi hakunigombeza mbele yao. Ameniita jikoni. "Tereza, baba yako yuko kwenye friji la watu, wewe unakimbilia pombe?" Nikasema si pombe, ni kazi yake. Akasema kazi yake imekwisha. Akafunga ghala kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake mbele ya macho yangu.

Namchukia. Naandika wazi. Namchukia.

Jumatatu, 25 Agosti

Silvano amepiga simu. Amesogea malori manane. Nimemwomba amwambie Shangazi anipe ufunguo. Akasema, "Dada, we mtii tu. Nikifika nitaongea nao." Anayefika ndiye anayeongea. Pipa halingoji foleni ya Kongo.

Joto. Upepo hakuna.

Jumatano, 27 Agosti

Jana harufu ilikuwa bado ya mkate. Leo imebadilika. Nimekaa mkekani na akina mama, upepo ukageuka, ikapita juu yetu. Kali, ya kuchoma pua. Mchungaji wa Shangazi alikuwa anaomba, akapiga chafya katikati ya sala. Watu wakadhani ni vumbi.

Mimi ndiye niliyejua. Na Hamisi. Alikuwa amekaa na wanaume upande wa pili, akanyanyua kichwa, tukaangaliana. Akarudisha macho chini.

Mchana watu walipokuwa wanakula nimechukua nondo nyuma ya banda, nimeenda mpaka mlangoni pa ghala. Kufuli lenyewe la kitoto. Pigo moja lingetosha. Nilisimama na nondo. Nikafikiria akina mama na vikombe vyao. Nikafikiria watakavyosema: binti wa Batista alivunja mlango ili apate pombe, baba yake hajazikwa. Nikairudisha nondo mahali pake nikaenda kuosha sahani.

Shangazi alinifungia. Ila nondo niliirudisha mimi.

Alhamisi, 28 Agosti

Silvano amefika jioni, ameshukia njia panda na begi moja. Amekonda. Amelia mlangoni kama mtoto, nami nikamshika, nikasahau kumkasirikia. Ya pipa hakuongea na mtu. Sikumkumbusha. Watu wa mbali wameshafika, kaburi limeshachimbwa.

Ijumaa, 29 Agosti

Tumemzika.

Watu hawakuhesabika. Kutoka Itigi, kutoka Manyoni, mpaka wafanyakazi wa reli aliokuwa akiwauzia chupa. Kwaya mbili. Shangazi alisimama kichwani mwa kaburi, hakuondoka mpaka koleo la mwisho. Mara mbili watu walitaka kuharakisha kwa sababu ya jua. Akawatazama tu, wakapunguza.

Yalikuwa maziko mazuri. Siwezi kusema uongo.

Jumatatu, 1 Septemba

Tanga limeanuliwa. Silvano ameshika jembe, akapiga mara tatu kwenye mzabibu wa kwanza, vibaya, kama dereva. Wazee wakapiga makofi. Shangazi akafungua pindo, akanipa ufunguo.

Tumefungua mimi na Hamisi. Wingu la nzi. Maganda yamekauka, yamepasuka, juu utando mweupe. Nimetoboa, nikachota chini kabisa. Niliomba kimoyomoyo, mtu mzima na akili zangu. Nikaweka ulimini.

Siki. Bado changa, lakini haina kurudi.

Hamisi akasema, "Pole, mama." Akatoka nje ili nilie.

Kwa hiyo mwaka huu mvinyo wa kwetu haupo. Upo nusu. Zabibu za mwisho ambazo Baba alizikata kwa mkono wake zimekwenda, na huo mkono ndio tumeuzika. Kila mwaka ulikuwa na chupa zake, hata ule wa njaa. Wa kufa kwake hauna.

Jumanne, 2 Septemba

Nimemwambia Shangazi yote. Sikumwamkia hata shikamoo, Mungu anisamehe. Nilimjazia kikombe cha siki, nikamwekea mezani, nikamwambia anywe kazi ya kaka yake. Silvano akasema Dada, Dada. Nikamwambia akae.

Shangazi alikinusa kile kikombe. Nilitegemea angenipiga. Akaniuliza kama Baba aliwahi kunisimulia siku waliyomzika Babu. Nikasema kila mwaka. Kwamba hakutoka pipani.

"Basi na mimi nikwambie," akasema. "Na mimi nilikuwepo."

Alikuwa msichana. Mavuno yameiva, watu wote wa kufaa wako kwenye zabibu, maana kaka yake aliwalipa waendelee. Kaburini walifika yeye, Bibi, padri na wachimbaji wawili. Kwaya hakuna. Bibi alikuwa anatazama njia, anasema ngojeni, mwanangu anakuja. Baba akaja wameshafukia, miguu myekundu mpaka magotini, akasimama kidogo, akarudi. Bibi hakusema kitu siku ile wala baadaye. Ila mvinyo ule aliotengenezewa yeye, hakuunywa tena.

"Kaka yangu alijisifia siku hiyo mpaka uzeeni," Shangazi akasema. "Nilimpenda. Sikutaka na yeye azikwe na watu wawili tu wa kumlilia."

Nikamwambia Baba mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, aliniambia. Akasema anajua. Alinisadiki toka siku ya kwanza. Hayo ni maneno ya kaka yake kabisa, nani mwingine angeyasema.

Alinisadiki. Na ufunguo akaufunga pindoni.

Nimetoka nikatembea mpaka relini na kurudi. Mwaka wa Babu una chupa, hauna maziko. Sisi tuna maziko. Sijui Baba angechagua lipi. Kusema kweli najua angechagua lipi, na bado ile kwaya nilifurahi kuisikia.

Jumapili, 14 Septemba

Silvano amerudi barabarani. Nyumba imekuwa kubwa.

Siki tumeitoa, nyingine kwenye madumu, nyingine chini. Pipa nimelisugua kwa maji ya moto, kwa magadi, mara kadhaa. Haisaidii. Mbao zikinywa siki hazisahau, ukitia mvinyo mwingine unaharibika nao. Nilikuwa nimemwambia Hamisi alipasue kuni.

Mchana akaja Shangazi na mkokoteni wa ng'ombe. Amesikia. Akasema kama pipa halifai tena kwa mvinyo, litafaa kuhifadhia uwele wake. Nikamwambia litanuka. Akasema uwele hauna pua. Halafu akasema, akiwa anaangalia pembeni, kwamba kitu cha baba yake hana hata kimoja. Vyote vilibaki huku kwenye zabibu.

Tukalilaza, tukalibingirisha watatu mpaka nje. Kabla ya kupandisha alipiga magoti, akaingiza kichwa na mabega ndani. Alipitisha mkono kwenye mbao, ubao mmoja mmoja, pale Babu alipopiga randa. Alikaa humo muda. Mimi na Hamisi tukawashika ng'ombe.

Sijamsamehe. Nilimfungia kamba vizuri lisianguke njiani.

Jioni nimeonja ule mvinyo wa tangini. Laini. Hauna mgongo. Nitautia kwenye chupa hivyo hivyo, bila lebo ya kwetu.

Ghalani pamebaki duara jeupe sakafuni, pale pipa lilipokaa toka enzi za Babu. Nimefagia kando yake. Kesho tunaanza kupogoa.