Samaki Niliowaachia Ziwani

Ng'ambo ya Mwanza,
upande wa Sengerema

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa mzima, mnene kuliko ulivyoniona mara ya mwisho, na mjukuu wako ameota meno ambayo anayajaribu kwenye kidole cha kila anayembeba. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi cha baridi kimemwachia? Najua msimu huu huko Njombe mnakoka moto tangu alasiri. Sisi huku tunalala bila blanketi na bado tunalalamika.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule dereva wa lori la mbao, pale stendi ya Buzuruga. Nimeisoma nimesimama. Kwanza nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikatafuta mahali pa kukaa. Kumbe dereva huyo huyo ndiye aliyekueleza kwamba mwanao amemwaga samaki wa wakwe zake ziwani, kwamba baba mkwe hagusi chakula changu, na kwamba wakati wowote nitarudishwa kwetu. Nawe umeniandikia kuwa Mjomba Yona anafunga mizigo aje kunichukua kabla sijafukuzwa. Baba, mzuie tafadhali. Mambo hayo dereva aliyasikia kwa muuza chai, na muuza chai aliyasikia kwa watu ambao siku ile hata ufukweni hawakuwepo. Ngoja nikueleze mimi niliyekuwa ndani ya mtumbwi.

Ni kweli niliwaachia. Hilo silikatai, na ingekuwa leo ningewaachia tena.

Unakumbuka mume wangu Bundala alikuwa anavua sangara. Tangu viwanda vya minofu vifunguliwe mjini, kila mwenye mtumbwi amejitupa huko, wengine wameacha hata kulima pamba. Siku hizi kila kitu ruksa, na ziwa lina watu wengi kuliko gulio la Igoma. Bundala alikuwa anarudi na nyavu zilizochanika na samaki wa kutosha mboga tu. Basi Bwana Jivan, Mhindi mmoja wa mjini ambaye ukoo wake umeuza nyavu tangu enzi za babu yake, alipokuja kutafuta watu wa kujaribu kufuga sato humu humu ziwani, mimi niliinua mkono kabla ya mume wangu. Tulikubaliana kwamba nyavu na vifaa ni vyake, kulisha na kulinda ni juu yetu. Samaki wakikua vizuri, atatuongezea vizimba. Wasipokua, atang'oa vitu vyake apeleke kijiji kingine, na sisi turudi kugombania sangara.

Kizimba, ili Mama aelewe, ni chumba cha wavu kinachoning'inia majini. Juu kinashikiliwa na madumu matupu yanayoelea, chini kinavutwa na mawe, na samaki wanaishi ndani kama kuku bandani. Unawapelekea pumba na mashudu ya pamba kwa mtumbwi, asubuhi na jioni. Tulipewa viwili. Kimoja kikaitwa changu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakilisha, na kingine tukakiita cha Mzee Mabula, baba mkwe wangu, kwa heshima.

Bwana samaki wa wilaya ndiye aliyetuonyesha idadi ya vifaranga vya kuweka. Nakwambia kweli, nilimwona bahili. Ukichungulia ndani ya kizimba ulikuwa unaona maji tu. Mzee Mabula akamuuliza, "Sasa kijana, mbona umetuwekea zizi tupu?" Yule bwana akacheka, akamjibu, "Mzee, hiyo nafasi unayoiona tupu ndiyo hewa yao. Samaki anavuta hewa iliyo ndani ya maji. Ukiwajaza, watagombania hewa kabla hawajagombania pumba." Mimi nililishika neno hilo. Mzee alilisikia, ila alikuwa na neno jingine kichwani la zamani zaidi.

Hapo ndipo penye kisa chote, Baba. Huku Usukumani mtu mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote kwake. Wengine anawapeleka kwa rafiki, rafiki anawachunga, anakunywa maziwa yao, na urafiki unakomaa. Ugonjwa ukiingia zizi moja, lile jingine linabaki. Ni desturi nzuri na mimi naipenda. Lakini kumkatalia rafiki ng'ombe wake ni sawa na kumwambia humtaki, na hakuna mzee huku atakayefanya hivyo.

Basi vizimba vikawa gumzo. Asubuhi moja akaja Mzee Kashinje, rafiki wa baba mkwe tangu utoto wao, amebeba ndoo ya sato wadogo aliowanasa kwenye matete, wazima kabisa, wanarukaruka. Akasema, "Mabula, nichungie hawa." Baba mkwe akapokea kwa mikono miwili. Kesho yake akaja mwingine na sufuria, na siku zilizofuata wakawa wanapishana njiani kama wanaokwenda harusini. Wote waliingizwa kwenye kile kizimba cha Mzee. Kwangu hawakuthubutu, maana nilikuwa nashinda pale pale na kasia langu.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Baba, mimi ni mkwe. Nikiongea na Mzee Mabula natazama chini, na jambo zito nalipitishia kwa Bundala. Bundala alimwambia, akajibiwa, "Ziwa lote hili, toka hapa mpaka Bukoba, wewe unaniambiaga nafasi imekwisha?" Bundala akarudi amenywea. Anamwogopa baba yake mpaka leo, ingawa ndevu zake mwenyewe zimeanza mvi.

Muda si mrefu tofauti ikaonekana kwa macho. Vizimba vilikuwa vya ukubwa mmoja na chakula kilitoka gunia moja, lakini samaki wangu walinenepa, wote wanalingana. Wa kwa Mzee walikuwa vichwa vikubwa na miili ya msumari. Wachache wenye nguvu walikuwa wanawahi pumba zote na kuwang'ata wenzao mapezi, wadogo wakabaki chini wanakonda. Wengine wakaota utando mweupe kama pamba mgongoni. Wavu nao ukaziba kwa uchafu, nikiusugua leo kesho umeziba tena. Niliongeza chakula, nikafikiri wana njaa. Kumbe nilikuwa nazidisha uchafu.

Sasa nisikilize. Siku moja Mzee alikwenda mnadani kuuza dume, na Bundala alivuka kwenda mjini kufuata mashudu. Upepo ulikuwa umekatika kabisa, ziwa limetulia kama uji uliopoa. Na yale magugu maji, haya majani mapya yanayoelea ambayo yametuvamia, yalikuwa yamekuja na kuzingira vizimba pande zote. Wifi yangu Milembe ndiye aliyeona kwanza. Akaniita kama wanavyomwita mama huku, "Mayu, njoo uone, samaki wanaomba!" Nikakimbia. Baba, kizimba chote cha Mzee kilikuwa midomo. Samaki wote wamepanda juu, wanahema, midomo inafunguka na kufumba, na baadhi walishalala ubavu. Kwangu walikuwa wanasumbuka kidogo, lakini wanaogelea.

Tulijaribu kusukuma magugu kwa makasia, yakarudi. Tukayapiga maji ili yachanganyike na hewa mpaka mikono ikafa ganzi. Milembe akasema tuhamishie nusu kwangu. Nikakataa, maana ningekuwa na vizimba viwili vya maiti badala ya kimoja. Nilikuwa na hofu, sikufichi. Kila kifaranga mle ndani kilikuwa amana ya mtu mzima fulani kwa baba mkwe wangu, na mimi ni mgeni niliyeolewa. Lakini nilijua pia kwamba wakifa wote, nyavu zitang'olewa, na mume wangu atarudi kwenye sangara. Nikafungua kamba za upande mmoja, nikauzamisha ukingo wa wavu. Wakatoka kama watoto waliosikia kengele ya shule. Nilipoona waliobaki wameanza kushuka chini tena, nikafunga. Sikuchagua wa nani atoke, kwani samaki hana chapa ubavuni kama ng'ombe. Ufukweni wanawake walikuwa wanapiga kelele kwamba mke wa Bundala ameingiwa na wazimu.

Mzee aliporudi, marafiki zake walishamtangulia nyumbani. Mzee Kashinje ndiye aliyesema, na hakusema kwa ukali, ndiyo maana iliuma. "Mabula, ng'ombe wangu akifa kwako unaniletea ngozi, nami najua kafa kweli. Samaki wangu yuko wapi, na ngozi yake iko wapi?" Nilikuwa nyuma ya mlango na mtoto mgongoni. Baba mkwe akawasindikiza mpaka njiani. Nilijisikia vibaya sana kwa ajili yake. Jioni nilimtengea ugali, hakuugusa. Wala kesho yake. Alikuwa anakula kwa binti yake, na huku jambo hilo halihitaji tafsiri. Hapo ndipo muuza chai alipopata habari zake, na hapo ndipo dereva alipozichukua. Kwa hiyo dereva hakudanganya, ila aliondoka mapema mno.

Mimi sikulia, Baba. Nililia kidogo. Halafu nikaendelea kulisha. Nikasugua nyavu, nikavuta magugu kwa reki pamoja na Milembe kila yalipokuja, na kizimba cha Mzee nikakihudumia vile vile kama changu. Waliobaki wakapata nafasi. Utando mweupe ukakauka, mapezi yakaota, miili ikaanza kufuata vichwa. Nilikuwa nawaangalia na kusema moyoni, ongeeni nyinyi, mimi sina ruhusa.

Asubuhi moja nikamwona baba mkwe anasukuma mtumbwi peke yake. Alikaa kule kwenye vizimba mpaka jua likawa kali. Aliinua wavu huu, akainua ule, akachota samaki kwa mkono akampima kwa macho. Aliporudi alipita mbele ya jiko langu, akakaa pale pale kwenye kigoda, akasema kumwambia mtoto aliyekuwa anatambaa, "Mwambie mama yako nina njaa." Alikula akamaliza, akafuta mikono, akaenda nyumba moja baada ya nyingine kwa marafiki zake. Bundala aliyemfuata kwa mbali anasema maneno yalikuwa hayo hayo kila nyumba: "Ngozi hakuna. Niliwapokea wengi kuliko zizi. Kosa ni langu, siyo la mtoto wa watu. Njooni siku ya kuvua muwaone waliopona."

Walikuja. Wakasimama ufukweni, na kila mmoja akaapa kwamba wale wanene kuliko wote ndio wake, na waliotoroka ni wa jirani. Mzee Mabula akawagawia wote, wakaondoka wanacheka. Bwana Jivan aliwakagua samaki, akaishia kuuliza vizimba vipya tunavitaka viwekwe wapi.

Juzi sasa. Nilikuwa natwanga dagaa wa kuchanganya na pumba, nikamwona Mzee Kashinje anakuja na ndoo. Safari hii kubwa. Akamwendea baba mkwe aliyekuwa anasuka kamba kivulini, akasema, "Mabula, kuna vizimba vipya. Nichungie hawa." Nikaacha kutwanga. Baba mkwe akatazama ndoo, akatazama ziwa, akaendelea kusuka kamba. Halafu akasema, "Rafiki yangu, zizi la majini siyo langu. Mwenye zizi ni yule pale. Kamuulize."

Mzee Kashinje akanijia. Nikapiga magoti, nikamwamkia, akaitika marahaba. Nikamwambia, "Baba, nafasi imejaa." Akasema, "Imejaaje? Mbona naona maji matupu?" Nikasema, "Ndiyo hayo hayo maji, Baba." Akageuka kumtazama rafiki yake, akamwita, "Mabula, mkwe wako ana roho ngumu!" Na baba mkwe, bila kuinua macho kwenye kamba yake, akajibu, "Anayo. Na samaki tunao."

Mwambie Mama nimemtumia dagaa waliokaushwa vizuri, asiwakaange kwa mafuta mengi. Msalimie kaka yangu Festo, na mkewe ambaye bado hajanijibu. Msalimie shangazi wa kanisani anayeniombea kila Jumapili, aendelee, hasa kuhusu magugu. Bundala anakuamkia shikamoo, na baba mkwe amesema niandike kwamba anakusalimu kama mzee mwenzake. Mjomba Yona naye nampa salamu nyingi. Mwambie akija kututembelea karibu sana, tutamvulia sato. Lakini wa kuchukuliwa hapa hayupo, Baba. Mimi niko nyumbani.

Mwanao akupendaye,
Enesia