Kadi Mpya, Sauti ya Mama

Jumatatu, 4 Julai 2011

Shule, madaftari, uji wa Mama. Kisha kompyuta. Nimefungua boksi kwa bisibisi ya cherehani, nikachomeka kadi mpya ya video aliyoniletea mdogo wangu Tito kutoka Tunduma. Ya zamani aliondoka nayo juzi. Mwenye duka aliitaka ndipo apunguze bei. Nimebonyeza. Feni imezunguka kidogo, ikanyamaza. Kioo cheusi. Nimebonyeza tena. Vilevile.

Mashine hii nimeiunga mwenyewe, kipande kwa kipande. Leo imenigeuka.

Jumanne, 5 Julai

Nimechomoa kila kitu. Nimesugua meno ya memori kwa kifutio, nikarudisha. Hakuna. Giza likiingia ni mgao wa umeme, kwa hiyo nina saa chache tu baada ya shule. Hata hizo, taa ya sebuleni imefifia, na mashine ya kusaga ya Baba Neema inanguruma nyuma ya ukuta. Madaftari nimesahihishia mlangoni.

Ndani ya diski yumo Mama. Mwaka jana, kabla ya kiharusi, nilimrekodi akisimulia hadithi zake kwa Kinyiha. Picha zilikuwa zinakwamakwama, ndiyo maana nikataka kadi mpya. Sasa Mama haongei. Daktari anasema pengine hata tunachosema haelewi. Nakala nyingine sina. Mjinga mimi.

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba, hakuna shule. Nimeshinda nayo tangu asubuhi. Kwa jirani wanasaga, msimu wa mahindi hauna sikukuu. Nimebadilisha waya. Nimebadilisha soketi. Nimeomba.

Tito kapiga simu. "Dada, usihangaike. Ilete Jumatatu, kuna fundi atapiga Windows upya, inakuwa mpya kabisa." Nikamwuliza, na vya ndani? "Hivyo vitafutika. Kwani kuna nini cha maana?"

Nimemkatia simu. Mafundi wa mpakani, kila ugonjwa dawa moja. Lakini yangu mimi iko wapi? Mama ananitazama kutoka kitini. Nimeshindwa kumtazama.

Jumamosi, 9 Julai

Foleni ya ndoo kwa Baba Neema imefika mlangoni kwetu. Nimejaribu mara ya mwisho. Feni, kimya. Nimeifunga kwa kanga, tayari kwa basi la Jumatatu. Nitamsihi huyo fundi asifute. Najua atafuta.

Nimelia jikoni. Kesho siigusi. Mama ni Mmoraviani wa kizamani, kwake Jumapili hata sindano haishikwi. Nikiwa mdogo alinichapa kwa kushona kifungo.

Jumapili, 10 Julai

Mume wangu kaenda kanisani, zamu yangu kubaki na Mama. Nimemlisha, nimemfuta mdomo. Akanyoosha mkono wake mzima kwenye kile kifurushi cha kanga. Nikamwambia, "Mama, leo Jumapili." Akapiga kiti kwa kiganja. Akapiga tena. Yeye, wa kifungo! Nikafungua ili tu atulie. Nyaya, swichi, kitufe.

Feni ikazunguka. Haikunyamaza. Kioo kikawaka.

Nilikaa nimeduwaa. Taa ya sebuleni ilikuwa kali, nyeupe. Halafu nikausikia ukimya. Jumapili Baba Neema hasagi. Laini yetu ya umeme na yake ni moja. Mashine yake inameza umeme, na hii kadi mpya ni mlafi kuliko ile ya zamani. Wiki nzima nimekagua kila kipande, jirani sikumkagua. Na siku pekee ambayo ingewaka ndiyo siku nisiyoigusa.

Nimenakili kwanza, kwenye flashi mbili. Ndipo nikafungua.

Mama wa kwenye kioo akaanza ile ya jogoo wa mchungaji. Haikwami. Mikono yake inapaa, macho yanacheza. Jogoo amefungwa kamba mguuni, anasubiri kuchinjwa, ibada inaendelea. Kamba inakatika. Jogoo anatimua mbio, anaelekea kanisani. Mama wa kitini alikuwa kimya, shingo imelala upande. Niliogopa kumgeukia.

Jogoo alikuwa bado hajafika mlangoni. Neno lenyewe la kuchekesha lilikuwa bado.

Mama wa kitini akaanza kucheka. Kwa upande mmoja wa mdomo, lakini alicheka.