Usiniite Mersedes

Nyuma ya duka,
Kampala.
9 Machi 1977

Mpendwa Shangazi Alanyo,

Kabla hata ya salamu, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nikibaki peke yangu nainamisha uso ndani ya mtungi mtupu wa maji na kuita, "Mersedes!" ili nisikie mtu ananiita.

Sasa salamu. Hujambo Shangazi? Na magoti yako je? Huko Kisumu sukari mnaipata? Sisi wazima, isipokuwa Baba. Askari walimchukua kambini Nsambya na sare yake ya polisi mwilini, na hatujui alipo. Mama amekataa kuhama, anasema Baba akirudi akute moto jikoni. Mimi alinileta huku sokoni Kikuubo kwa Mama Hajara, mke wa Mzee Maftah mwenye duka.

Nakuandikia Kiswahili cha kambini kwa sababu barua ya Kiacholi ikikamatwa, lugha peke yake inatosha kutumaliza, jinsi Waacholi tunavyosakwa siku hizi.

Siku niliyofika, Mama Hajara aliniuliza jina langu maana yake nini. Kwa haya nyingi nikamweleza kama alivyoeleza yule mtawa Mhispania aliyemzalisha Mama: ni jina la Bikira Maria wa Rehema. Zamani huko kwao watawa wanaume waliapa kukomboa mateka, na ikishindikana, mmoja wao anaingia kifungoni ili mwingine atoke. Mama Hajara akanifunga mtandio. "Basi wewe Rahima. Rehema ni ile ile, mwanangu."

Tangu hapo mimi ni mpwa wake wa Jinja. Sijavuka mlango wa duka. Jua naliona kwenye tundu la bati.

Juzi askari mmoja, mteja wao, alikaribishwa kula. Sahani ilipotua, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye paji la uso, ukashuka kifuani. Mama Hajara akauzaba kofi. "We! Nzi mmoja tu unapigana naye kama bondia?" Askari akacheka sana. Ila alinitazama mpaka akamaliza kula.

Kwa hiyo siwezi kukaa tena. Sulaimani, dereva wao, atakuletea barua hii, na Ijumaa ya wiki ijayo atanifikisha Busia kwa lori la ngozi; uje unipokee hapo. Ukiniona, Shangazi, tafadhali usilie. Niite Rahima, kwa sauti, kama mtu aliyechoka kuningoja. Ukiniita lile jingine nitageuka tu, najijua, mbele ya askari wote wa mpakani.

Nawaza wale watawa siku hizi wako wapi. Ningewapa jina la Baba.

Wasalimie wanao, Acen na Odur. Mungu awafunike nyote, Yeye asiyesahau jina la mtu.

Shangazi, buti zinakuja. Mama Hajara anaita kwa nguvu, "Rahima! Yule mgeni wako wa nzi karudi, lete chai!" Naificha hii kwenye gunia la chumvi. Nimeshaitika.

Wako akupendaye,
Rahima