Namba za Penseli

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Bidoni, madumu ya maji, kumi na tisa kwenye foleni ya tangi asubuhi. Wiki iliyopita zilikuwa hamsini. Wagonjwa wapya wawili. Nimeandika kwa biki, kisha namba ya kesho kwa penseli. Hakuna aliyenituma; ndiyo shughuli yangu ya siri tangu nimalize shule.

Wimbi la kwanza la kipindupindu limeshuka, na akina mama wa ushirika wetu wa nyanya hapa mpakani Rusizi I wameanza kusahau. Wanavuka daraja kwenda Bukavu bila kuchota maji ya dawa. Wanasema klorini inanuka. Papa Idi, fundi bati wa Kamembe anayelinda tangi la maji hayo, anawapigia kelele waje: "Mukuye! Maji yangu inanuka kuliko mabwana zenu, lakini haiue muntu!" Wanacheka, wanapita.

Modeli yangu ni ndogo. Wagonjwa wa leo mara kizidisho, hao ndio wagonjwa wa kesho. Kizidisho hushuka watu wakiogopa, hupanda wakisahau. Hofu naipima kwa bidoni. Ndiyo maana mawimbi hufuatana: ugonjwa unapungua, hofu inapungua, ugonjwa unarudi. La pili limeanza kunyanyuka. Nimemwambia Papa Idi peke yake. Mbele ya watu siwezi kusema, koo hujifunga. Daftari la namba, si hili ninalotembea nalo, hulala kwenye sanduku lake la vifaa kwa sababu nyumbani paa linavuja.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Penseli: wanne. Biki: wanne. Sawasawa kabisa. Nilirukaruka nyuma ya tangi kama mtoto.

Baadaye nikapata majina. Wa nne ni Furaha, binti wa Maman Riziki, yule mbebaji mwenye nguvu kuliko wote darajani. Mtoto wa miaka sita. Amekufa kabla ya saa nane.

Nilifurahi kabla ya kujua majina. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Tumemzika Furaha huko Mururu. Mvua. Maman Riziki alijipiga kichwa kwenye jeneza mpaka damu ikatoka. Watu wanne hawakutosha kumshika.

Kizidisho: moja na robo. Najichukia kwa kukokotoa leo.

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba



Mama mmoja alifungua sanduku la Papa Idi kutafuta koleo. Akakuta daftari, kaye kama wasemavyo. Akalisoma kwa sauti. Siku za wiki hii nzima nilikuwa nimeshazijaza. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na tano.

"Juu ya nini bagonjwa ba kesho beko humu tayari?"

Maman Riziki akalichukua. Akarudisha kurasa mpaka Alhamisi, akaona nne ya penseli kando ya nne ya biki. Hakulia. Alisema polepole: "Mutoto wangu alikuwa mu kaye mbele akufe. Ndjo sumu ile inanuka mu maji."

Alianza yeye kumpiga Papa Idi, kwa ubao wa kreti wenye misumari. Kisha wote. Walimuuliza wakimpiga: "Hii kaye ni ya nani? Ya nani?" Nilikuwa hatua kumi tu, nyuma ya nyanya. Papa Idi aliniona. Tuliangaliana. Akasema: "Ni yangu."

Waliuweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe na kuupiga kwa nondo. Mara ya kwanza haukuvunjika. Wakarudia. Nilisikia. Yule anayenipa maandazi kila asubuhi alimkanyaga mdomo mpaka meno yakatoka. Polisi walipofika mbio, alikuwa hasogei tena. Maman Riziki aliondoka na daftari ndani ya kitenge.

Koo lilijifunga. Hapana. Si koo. Ni mimi.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Hospitali. Yu hai. Taya limefungwa kwa nyaya. Mke wake, Mama Zuhura, hajui lolote. Alinishukuru kwa kuja, akanipa chai. Nikainywa.

Papa Idi alishika penseli kwa mkono wa kushoto, akaandika kwa herufi mbaya: KESHO? Nikamwambia namba sikioni. Akafumba macho.

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba

Modeli imevunjika. Bidoni sifuri. Watu wanaogopa kuliko wakati wowote, ila sasa wanaogopa tangi. Nilidhani hofu hushusha kizidisho tu. Sasa ndiyo inayokipandisha. Wanachota mtoni.

Nilisema ishirini na wanne. Wamekuja thelathini na saba. Kesho watazidi, na keshokutwa, mpaka mtu aseme daftari ni la nani na namba zilitoka wapi. Mtu huyo ni mmoja tu.

Nimemwambia Maman, mama yangu mzazi, yote. Alinipiga kwa mwiko mpaka ukavunjika. Kisha akakaa chini sakafuni na kipande mkononi. "Bakijua, batatuua sisi babili."

Jumatatu, tarehe 20 Oktoba

Naandika kwa jicho moja.

Nilipanda juu ya kreti kando ya tangi. Nikasema daftari ni langu. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena kwa kelele, sauti ikapasuka.

"Weye?" mmoja alicheka. "Wa Maman Ansila? Weye hausemake hata bonjour!"

Kisha wakaelewa. Walinishika nywele kwanza. Nikaanguka. Teke mbavuni, kisigino jichoni. Maman alijilaza juu yangu, wakampiga mgongoni kwa mawe. Nadhani nilikuwa nikipiga kelele mlinganyo. Wa leo mara kizidisho, wa leo mara kizidisho.

Ni Maman Riziki aliyewazuia. "Mumuache. Anywe."

Akajaza kikombe kwenye bomba la tangi. Nikanywa. Akajaza tena. Vikombe vitatu, na damu yangu ndani.

"Sasa tutakaa hapa," alisema. "Ukikufa, nitajua."

Tulikaa toka saa tatu asubuhi. Yeye hakuvuka daraja. Wengine walipita wakinitazama kama nyama ya buchani. Saa tisa akauliza: "Ulijua namna gani?" Nikamweleza. Bidoni. Wa leo kuzaa wa kesho. Kwamba namba haikuwa na jina nilipoiandika. Nikamwambia pia kwamba niliruka kwa furaha siku ile.

Kwa hilo alinipiga kofi, moja, kwa nguvu zake zote. Sikujikinga.

Jua likashuka, mimi nikiwa hai. Alisimama, akapangusa kitenge, akaenda zake.

Alhamisi, tarehe 30 Oktoba

Bidoni arobaini na moja. Wagonjwa wapya watano. Wimbi linashuka.

Papa Idi amerudi. Anafungua bomba kwa mkono wa kushoto na kulitukana kupitia nyaya za taya. Daktari anasema ule wa kulia hautashika nyundo tena. Mama Zuhura sasa anajua. Chai hanipi.

Alasiri Maman Riziki alikuja na bidoni tupu na daftari langu. Akafungua ukurasa wa Alhamisi ile, akaweka kidole kando ya nne.

"Andika jina."

Nikaandika Furaha, kwa biki. Alisubiri wino ukauke.

"Na bale bengine balikufa."

Tukawaandika wote, mmoja mmoja. Niliowasahau alinitajia.

Mstari wa kesho nimeuacha mtupu. Hofu itaisha tena, najua, na wimbi la tatu litakuja. Papa Idi aliuliza namba ya kesho, nikamwambia sikioni. Akakaza bomba.

Maman Riziki alijaza bidoni yake, akayanusa maji, akajitwisha.