Chupa Zilizowangoja Askari

Reims, Aprili 1814

Dada Odile,

Mbuzi wako amezaa mapacha. Mimi mzima, ila usiushangae mwandiko: naandika kwa mkono wa kushoto.

Askari wa Urusi walimuua Gaspard, msimamizi wetu, wakadai shampeni. Unajua majira haya chupa hupasuka zenyewe, hatushuki ghalani bila barakoa za chuma. Madamu, yule mjane mwenye kampuni, akaniambia nizifiche barakoa zote.

"Watakushuku," nikasema.

"Nitatangulia uso wazi."

Akawashusha askari watatu, wengine wakangoja uani; akagonga chupa moja, rundo zima likalipuka. Vioo viliwachinja wote watatu. Madamu akapanda ngazi akivuja damu, jicho limetoka.

"Colombe, wale wa uani bado wana kiu. Nifunge kitambaa."

Nikamfunga, dada. Kisha nikamshika kwa mkono wangu wa kulia, tukawashusha.

Mdogo wako,
Colombe